Shingo za Korongo Wangu Sita

Leo ndege wamenivua nguo mbele ya watu. (Nguo za heshima. Suruali iko, nimeikalia hapa.)

Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja, kabla hamjaisikia kwa Mutua, mchongaji mwenzangu. Mutua akiisimulia ataitia chumvi mpaka mshindwe kuimeza. Hii yangu ni kavu. Ilivyokuwa ndivyo mtakavyosoma.

Kwa wale wageni kwenye hii grupu: mimi ni Kilonzo mchongaji, mwenye banda la mabati hapa Nairobi, pale mwisho wa mtaa wa Tena, karibu na mtaro mkubwa. Shule niliiacha darasa la tatu na sijawahi kurudi kuuliza kama nilisahau kitu. Patasi imenijengea nyumba ya mawe. Patasi imesomesha watoto, na hao watoto sasa ndio wananisahihisha Kiswahili. Nimechonga twiga, nimechonga kifaru, nimechonga Yesu na wanafunzi wake wote mezani. (Yuda nilimpa sura ya jirani fulani. Amehama.) Lakini mkono wangu hasa ni korongo. Yule ndege wa majini, miguu kama fito, mdomo kama mkuki. Korongo wangu wamevuka bahari mara nyingi ndani ya masanduku ya watalii kuliko mtu yeyote wa mtaa huu.

Na hakuna hata mmoja aliyevuka na jina langu.

Hapo ndipo panaponiuma, na lazima mpajue ndipo muelewe upumbavu unaofuata. Mtalii anauliza dukani, "Nani ametengeneza?" Mwenye duka anajibu, "Ni watu wa kijijini." Kijiji gani? Mimi nakaa Tena, nina stima ya tokeni. Kazi yangu imekaa kwenye sebule za watu nisiowajua, wanaipangusa vumbi, wanaionyesha wageni wao, na hakuna anayejua kwamba duniani kuna mtu anaitwa Kilonzo.

Kwa hivyo Bi Zuhura aliponipigia simu, sikumsikiliza vizuri. Nilisikia neno moja tu.

Huyu Bi Zuhura ni mama wa Pwani. Yeye na wenzake wanakaa kando ya ghuba, na kazi yao ni kutembeza wageni kuangalia korongo. (Ndiyo. Kuna watu wazima wanasafiri kwenda kuangalia ndege akila. Mimi pia nilishangaa.) Maji yakitoka, ndege wanashuka kwenye matope kutafuta chakula, na wageni wanasimama na darubini wakibishana huyu ni yupi na yule ni yupi. Wao kule hawasemi korongo, wanasema kulastara. Mtoto wa kaka yake, kijana anaitwa Swaleh, anakaa mtaa wa Buruburu, si mbali na kwangu. Ndiye aliyepita bandani kwangu, akawaona korongo wangu waliosimama, akampelekea shangazi yake habari.

"Shikamoo, mzee Kilonzo," mama akasema.

"Marahaba." (Huku kwetu nikisikia shikamoo, kwanza naangalia nyuma kama kuna mtu mkubwa amesimama.)

"Tunataka ndege sita, mzee. Tuwatundike kwenye kibanda chetu pale ufukweni, wageni wajifunze. Lakini tunataka wanaoruka. Kulastara akisimama kila mtu anamjua. Akiruka ndipo watu wanapopotea."

"Watakuja wakiruka, mama."

"Na chini yao tutaweka ubao. Tuandike jina la aliyewachonga."

Hapo masikio yakaziba.

Aliendelea kuongea. Aliongea sana, na mimi nilikuwa nikijibu "sawa" huku nauona ubao. Alitaja yule mkubwa wa kijivu. Alitaja wa kichwa cheusi. Alitaja mwingine mkubwa kuliko wote, na mwingine anayefunika maji kwa mabawa kama mtu aliyeshika mwavuli, ati ndivyo anavyovua samaki. Kisha akasema, "Sasa wa tano na wa sita, mmoja mweusi na mmoja mweupe, hao ni ndege mmoja."

"Mama, wa tano na wa sita hawawezi kuwa mmoja."

"Ni mmoja, mzee. Rangi ndiyo mbili."

Nikamwachia. Nilidhani ni mtandao umekata maneno yake.

"Nikutumie picha zao, baba? Wakiwa wanaruka?"

"Picha za nini? Mimi nimechonga korongo kabla wewe hujaolewa."

Akasema, "Haya, baba. Inshallah."

Watu wa bara wenzangu, chukueni hii bure. Mtu wa Pwani akikwambia haya, inshallah, kwa sauti ya chini namna hiyo, usikate mti. Tulia kwanza. Mimi nilikata.

Nilikata mjakaranda mkavu kabisa. Nilichonga kwa moyo, kama mtu anayejenga nyumba yake mwenyewe. Mabawa nikayatoa membamba mpaka ukiyashika mbele ya dirisha unaona mwanga wa jua. Miguu nikaipeleka nyuma. Na shingo, ndugu zangu, shingo nikazinyoosha. Zikaenda mbele kama mshale. Ndivyo alivyonifundisha mjomba wangu, na yeye alifundishwa na baba yake: ndege akiruka, shingo mbele, miguu nyuma, mwili katikati. Ukitaka aonekane ana haraka, ivute shingo zaidi. Mimi nikavuta. Korongo wangu walikuwa na haraka kama watu wanaowahi mazishi.

Na mjue kwamba shingo nyembamba iliyonyooka ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Mti hautaki. Ukipiga tezo vibaya, kichwa kinakuangukia mguuni. Mbili zilivunjika, nikaanza upya tangu gogo. Shingo kama hiyo ndiyo inayomtenga fundi na mpasua kuni. Nilizipiga msasa mpaka zikawa laini kama kijiko. Nataka mkumbuke kwamba katika kazi yote ile, hapo ndipo nilipojitahidi zaidi.

Yule mweusi nikampa kifua kipana, nikamfanya mkubwa. Mweupe nikamfanya mdogo, mwenye ushungi. Bwana na bibi. Nikajua ndicho alichomaanisha mama aliposema ni ndege mmoja. Si hata Biblia inasema hao wawili watakuwa mwili mmoja?

Leo ndiyo siku waliyokuja kuwachukua.

Ningekuwa na akili, ningewapa ndege wao kimyakimya wakaenda. Lakini mtu akipata jina anataka mashahidi. Niliita majirani. Niliita wazee wenzangu wa kanisa. Nilimwita hata Mutua, ambaye banda lake linatazamana na langu. Mutua huchonga ndovu tu, na hao ndovu wake ukiwaangalia kwa upande ni nguruwe. Nilimtaka yeye hasa. Nilitaka asimame pale asome ubao.

Mke wangu, Mama Mwende, alichemsha chai ya sufuria kubwa na kukaanga mandazi. Akaniuliza, "Baba Mwende, hao watu umewaonyesha hii kazi kabla ya kuita mtaa mzima?"

"Kazi nzuri haionyeshwi nusunusu."

"Haya."

(Haya yake si kama ile ya Pwani. Haya yake maana yake ni: usije kulia kwangu.)

Gari likafika, pikapu ya Swaleh. Bi Zuhura akashuka, mama mtulivu, buibui nyeusi, darubini inaning'inia shingoni. Nyuma ya gari kuna kitu kirefu kimefunikwa leso. Moyo wangu ukajua ni nini. Nikaamkiwa, nikaitika, watu wakapewa chai. Korongo walikuwa wametundikwa darini kwa nyuzi za kuvulia samaki, wamefunikwa shuka la kitanda chetu. Nikatoa hotuba fupi. (Mama Mwende anasema haikuwa fupi.) Kisha nikavuta shuka.

Watu wakasema "Aaah." Hata upepo ulinisaidia, ukaingia ukawazungusha kidogo, na wote sita wakageuka pamoja kama wanaosikia amri.

Bi Zuhura akasimama chini yao.

"Mashallah," akasema. "Mti mzuri huu."

Nikamwangalia Mutua. Mutua alikuwa anatafuna mandazi polepole kama dawa.

Mama akagusa bawa. "Mashallah, mabawa." Akagusa miguu. "Mashallah, miguu." Akazunguka upande wa pili. "Mkono huu umebarikiwa, mzee." Akafika kwenye shingo. Nikangoja mashallah ya shingo. Haikuja.

"Hizi shingo, mzee," akasema, "ni ndefu."

"Asante."

"Zimenyooka."

"Asante sana."

"Zote sita."

"Sikubagua."

Swaleh akaanza kuangalia viatu vyake. Mimi sikuelewa. Nilidhani vina matope.

Bi Zuhura akahamia kwa wale wawili wa mwisho. "Na huyu mweusi, mbona mkubwa hivi?"

"Huyo ndiye bwana."

"Na mweupe?"

"Mkewe."

Akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayetafuta mlango wa kutokea. "Baba yangu, hawa hawaendi hivyo. Mume anaweza kuwa mweupe na mke mweusi. Au wote wawili weupe. Au wote weusi. Wamoja hao."

"Sasa mtu anajuaje mume ni yupi?"

"Wao wenyewe wanajua."

Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, maana mwenyeji hawezi kubaki nyuma, lakini kichwani nilikuwa nimepotea kabisa. Mama huyu alikuwa amesifu mti, akasifu mabawa, akasifu mkono, na bado hajasema niwashushe nimfungie. Huku kwetu mtu akipenda kitu anasema nipe. Asipokipenda anasema peleka huko. Huyu alikuwa katikati, na katikati mimi sijawahi kufika.

"Mama," nikamwambia, "mimi ni mtu wa maneno ya wazi. Kuna nini?"

Akaishusha sauti ili wasisikie wengine. (Banda zima likanyamaza lisikie.)

"Baba yangu, kulastara akiruka huikunja shingo. Anairudisha nyuma, anaiweka mabegani. Hilo ndilo la kwanza tunalomwambia mgeni anapofika: usitazame rangi, tazama shingo. Iliyonyooka si kulastara."

Kusema kweli, sikuamini. Nilimwona kama mtu anayeniambia twiga akikimbia huacha miguu nyumbani.

"Shingo yote hiyo aikunje aiweke wapi?"

"Mabegani, mzee."

"Sasa si ataanguka?"

"Haanguki."

Mutua akamaliza mandazi yake. "Mzee, si mwenye ndege amesema."

"Nyamaza, wewe wa ndovu."

Sasa hapo mtu mwenye busara angesema, mama, pengine umenena kweli, hebu nionyeshe zile picha. Simu ilikuwa hapo mkononi mwa Swaleh. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa na mtaa, shuka la kitanda changu begani, na yule Mutua anajipangusa mafuta ya mandazi kwenye suruali huku anafurahi. Nikasema, "Twendeni nje. Ndege wako juu huko, hawajaisha."

Nikawatoa wote, na vikombe vyao. Tukasimama kwenye uwanja tukiangalia mbinguni kama watu wanaongoja kunyakuliwa. Na Mungu, nikadhani, yuko upande wangu, maana haikupita muda akatokea ndege mkubwa kutoka upande wa mtaa wa Umoja, mdomo mrefu, shingo imetangulia mbele, imenyooka kabisa.

"Yule," nikasema. "Yule pale. Mnaona shingo? Hebu niambieni imekunjwa wapi."

Watu wakatazama. Mzee mmoja wa kanisa akasema, "Ni kweli, imenyooka." Nikahisi urefu wangu unaongezeka. Ndege akafika juu ya vichwa vyetu, akafungua mdomo, akapiga kelele, haa, haa-haa-haa. Yule ndege, jamani. Yule wa kutembea kwenye nyasi za watu na kutuamsha alfajiri kama mtu aliyekanyagwa.

"Huyo ni kwarara, mzee," akasema Bi Zuhura kwa upole.

"Ni binamu yake."

"Si jamaa yake kabisa."

Hapo ningeweza kuacha. Mama Mwende alinivuta shati. Lakini nikakumbuka kwamba kuna korongo wa kweli hapo chini mtaroni, kwenye kidimbwi kinachobaki baada ya mvua. Yuko hapo siku zote. Kila nikipita namkuta amesimama kwenye nyasi, mguu mmoja juu, kama askari wa usiku aliyelala wima. Yule ndiye niliyemtazama nikichonga wale wangu wa kusimama. Kuruka sijawahi kumwona akiruka, lakini nilijua akiruka atafuata kanuni.

"Nifuateni," nikasema.

Tukaenda, msafara mzima. Mimi mbele, Bi Zuhura nyuma yangu ameinua buibui kidogo kukwepa maji machafu, Swaleh, wazee wa kanisa na chai zao, Mutua na mandazi ya pili. Na kweli, alikuwepo. Kijivu, kichwa cheusi, amesimama kwenye nyasi anangoja chura.

Bi Zuhura akainua darubini na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu afike. "Huyu ndiye. Kulastara wa kichwa cheusi. Mzuri aliyoje."

"Sasa tumngoje aruke," nikasema.

Tukamngoja. Nyinyi hamjui kungoja mpaka mumngoje korongo. Yule ndege hana shughuli. Chai zikapoa. Nikapiga makofi. Akageuza jicho moja tu. Nikavua kofia nikaipunga. Nikavua koti nikalipunga. Nikaimba kidogo.

"Mzee, anakuangalia kama ana swali," akasema Mutua.

Nikaona hapana. Nikashuka mwenyewe kwenye kidimbwi, na viatu vyangu vya kanisani. Mguu wa kwanza ukazama. Mguu wa pili ukaenda kuutafuta wa kwanza. Kiatu kimoja kikabaki huko chini, na kama mnavyosoma hivi bado kiko huko. Nikaendelea na soksi, koti juu ya kichwa, nikiguruma kama trekta.

Akaruka.

Na akaruka na shingo imenyooka. Naapa. Muulizeni yeyote aliyekuwepo. Alitandaza mabawa, akajisukuma, shingo yote ikatoka mbele kama yangu, kama ya mjomba, kama ya baba yake mjomba.

"Shingo!" nikapiga kelele, mikono yote miwili juu. "Shingo!"

Nikageuka nimtazame Mutua usoni. Nilitaka niione sura yake wakati ule, niitunze. Lakini Mutua hakuwa na sura ya mtu aliyeshindwa. Alikuwa anaangalia juu nyuma yangu, na mdomo wake ulikuwa unaanza kufunguka kwa raha.

"Geuka, Baba Mwende," mke wangu akasema.

Nikageuka.

Yule ndege alikuwa ameshapanda juu kidogo. Na pale pale, mbele ya macho ya wote, akaikunja. Polepole, bila wasiwasi, kama mzee anayekunja miwani na kuitia mfukoni. Shingo yote ile ikarudi mabegani, ikakaa. Akapita juu ya paa la banda langu akiwa mfupi kabisa mbele, kama mkoba wenye mabawa.

Mimi bado nilikuwa na mikono juu. Sikujua mtu anaishushaje.

"Mzee," akasema Mutua, "hapo umechoma picha, umejiaibisha kabisa."

"Shusha mikono, Baba Mwende," akasema mke wangu. "Watu watadhani unaibiwa."

Bi Zuhura hakucheka. Nasema hivi kwa heshima yake, maana wazee wa kanisa walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. Yeye aliniambia, kama anayenipa pole, "Wakianza kuruka huinyoosha kidogo, mzee. Wakishatulia ndipo wanaikunja. Wengi hukosea hapo." Kisha akanyoosha kidole juu zaidi. "Hata wale, tazama."

Nikatazama. Wale wakubwa wa jalalani, wenye upara, wanaozunguka juu ya mtaa wetu kila siku. Walikuwa wengi, wanazunguka na hewa ya joto. Wote wamekunja.

"Hata hawa?" nikauliza.

"Hata hao. Hao si kulastara, lakini nao hukunja."

Sasa fikirini. Nimekaa chini ya hao ndege tangu nikiwa kijana. Kila siku ya Mungu walikuwa wakipita juu ya kichwa changu, wakinionyesha bure. Na sikuwahi kuinua macho. Nilikuwa nachonga.

Tulirudi bandani. Nilitembea na kiatu kimoja, soksi ya mguu wa pili ikilia maji. Wale korongo wangu sita walikuwa bado wananing'inia, wanakimbilia mazishi yao.

"Hawa siwezi kuwatundika kama kulastara, baba yangu," Bi Zuhura akasema. Sasa alikuwa anasema wazi, nami nikatamani arudi kwenye mashallah. "Mtoto akijifunzia kwao atapotea."

Nikachukua msumeno. "Nazikata sasa hivi. Nazirudisha nyuma, natia gundi, rangi ya viatu juu, hutaona kiungo."

"Hapana. Usiwakate." Akanishika mkono wa shati. "Nina neno. Wageni nawaambia habari ya shingo asubuhi, jua likipanda wameshasahau, kila kinachopita ni kulastara. Lakini nikiwatundika hawa mlangoni, niwaambie hivi ndivyo kulastara asivyoruka, ni nani atasahau? Wazuri hivi? Watawakumbuka mpaka kwao."

Sikujua kama nimesifiwa au nimepigwa. Hata sasa hivi naandika sijui.

Swaleh akaenda kwenye gari, akarudi na kile kitu kirefu, akakitoa leso. Ubao. Mimi nasoma polepole, lakini jina langu nalijua haraka. Herufi za buluu, zimepangwa vizuri: WAMECHONGWA NA FUNDI KILONZO WA NAIROBI.

"Sasa hapa ndipo pagumu," akasema Bi Zuhura. "Sitaki kukuvunjia heshima. Wale wa sawa ukiwachonga, watakaa ndani na jina lako, ukikubali picha safari hii. Lakini hawa wa mlangoni, kila mtu atawaona kwanza. Tuuweke ubao chini yao, au tuurudishe garini?"

Mama Mwende akanitikisia kichwa: urudishwe. Wazee wa kanisa wakatikisa. Hata Mutua, na hapa nampa haki yake, akaja karibu akaninong'oneza, "Toa jina, mzee. Utachekwa na watu usiowajua."

Niliwaangalia wale ndege. Niliangalia zile shingo. Zimenyooka, nyembamba, laini, hakuna alama ya chombo. Kosa, ndiyo. Lakini kosa gani lilishawahi kupigwa msasa namna ile? Mtu mwingine angelikosea, angelikosea vibaya.

"Liwekeni," nikasema.

"Una hakika, mzee?"

"Kosa lenyewe nimelichonga mwenyewe. Sikusaidiwa na mtu."

Bi Zuhura akaweka mkono kifuani. "Mashallah," akasema, na safari hii nilielewa ni ya nini. Tukawashusha mmoja mmoja, tukawafunga kwenye shuka la kitanda chetu (Mama Mwende atanidai hilo shuka mpaka kaburini), tukawapanga nyuma ya pikapu. Kwa sababu ya shingo, mlango wa nyuma ulikataa kufungika. Wameondoka Tena vichwa viko nje, kama watu wanaotafuta hewa.

Sasa niko kitandani, kwenye godoro tupu, naangalia picha alizonitumia Bi Zuhura. Nimekubali picha. Kijivu nimemjua. Mwavuli nimemjua. Wale wawili, mweusi na mweupe, nimewageuza juu chini na bado sijui mume ni nani.

Hiyo ndiyo yote. Mutua akiwaletea yake, mwambieni mmeshasoma. Na tafadhali msinicheke. Atakayecheka nitamchonga, na shingo yake nitaiweka ninavyotaka mimi.